Upinde wa mti mmoja: kwa nini ncha ya juu inanyooka na ya chini imegoma?

#1 FundiTezo (Kibaha)

Habari za humu wakuu. Naleta suala la mti na mvuke, wenye uzoefu mnisaidie.

Nina upinde nimeuchonga kwa mkono kutoka mche mmoja wa mkole, hauna gundi wala kiungo. Urefu sentimita 170. Mgongo, ule upande unaoangalia mbele, ni mti wenyewe ulivyokuwa chini ya gome, haukuguswa na chuma chochote. Tumbo, upande unaomwangalia mpigaji, ndilo lililochongwa: tezo, kisha tupa, kisha kipande cha chupa. Ncha zote mbili, kama sentimita 15 kila upande, nimezipiga mvuke nikazikunja ziangalie mbele, mbali na mpigaji, ule mtindo wa rikavu. Pale kwenye mkunjo unene ni milimita 12. Nilizibana kwenye kalibu ya ubao kwa mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka zikakauka.

Zilitoka sawasawa kabisa. Sasa ya juu imenyooka karibu nusu, ya chini iko vilevile. Mche mmoja, debe moja la mvuke, kalibu moja. Nataka kujua sababu kabla sijakata mche mwingine.

#2 Kiboko_Ruvu

Weka picha mkuu, bila picha tunapiga ramli.

#3 BintiMlandizi

Mkole tena! Kwetu Wazaramo huo ndio mti wa mwali, chini yake watu wanafundwa. Fundi, kabla ya kuuliza mvuke tueleze uliomba ruhusa kwa nani, maana huenda ncha ya juu ndiyo iliyokasirika.

#4 MzeeWaMbao

Kijana, mti wako haukuwa mkavu. Basi.

Mche wa kijani ukiuchonga mapema unakauka haraka nje, ndani unabaki na maji. Ukiukunja unakubali, halafu maji ya ndani yanapotoka taratibu mti unajivuta unakotaka wenyewe. Njia ya kujua ni mizani ya dukani: pima mche, andika, pima tena wiki ijayo. Siku uzito ukigoma kushuka, ndipo umetulia na hewa ya hapo ulipo. Kabla ya hapo hakuna upinde, kuna kuni zilizochongwa vizuri.

#5 FundiTezo

Shikamoo mzee. Mche ulikaa darini msimu mzima wa kiangazi, ncha zimepakwa rangi usipasuke. Uzito ulikuwa umegoma. Na kama tatizo ni maji, mbona ncha ya chini haikunyooka?

Picha simu inakataa kupandisha, nitajaribu usiku.

#6 MzeeWaMbao

Marahaba. Ya juu ni upande gani wa mche, wa shinani au wa kileleni?

#7 FundiTezo

Wa kileleni.

#8 MzeeWaMbao

Jibu umelitoa mwenyewe. Upande wa kileleni mti ni mchanga, moyo wake haujakomaa, mbao nyeupe ni nyingi. Shinani mti umekomaa. Umekunja miti miwili tofauti ukadhani ni mmoja.

#9 Kipimo_Sahihi (Dodoma)

Kwa heshima ya mzee, hilo la shina na kilele nalikubali nusu. Tuangalie hewa kwanza. Mbao haikauki moja kwa moja, inafuatana na unyevu wa hewa. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, mbao hutulia karibu na asilimia 9 ya maji. Hewa ikifika asilimia 80, mbao hupanda hadi karibu 16. Kibaha mko karibu na bahari. Mti ukikauka kiangazi halafu masika ikaingia, unakunywa tena. Na ukinywa, mkunjo wa mvuke unalegea.

Huku Dodoma nina upinde wenye ncha za kukunja na zimekaa. Ukisafiri nao kwenda Dar wakati wa mvua unausikia mkononi: mvuto, yaani uzito wa kuuvuta, unakuwa mwepesi na mshale unaanguka karibu.

Fundi, upinde unautunza wapi, na ukutani unaning'inia vipi?

#10 FundiTezo

Jikoni, umening'inizwa wima. Ncha ya chini iko usawa wa moto wa kuni, ya juu iko karibu na bati.

#11 Kipimo_Sahihi

Ee! Ya chini inakaushwa kila siku, ya juu inapokea mvuke wa wali na ugali wa nyumba nzima.

#12 Kiboko_Ruvu

Kesi imefungwa. Mama watoto ndiye mshitakiwa.

#13 MzeeWaMbao

Haijafungwa. Kwenye paa la bati mchana ndiko kukavu kuliko kote nyumbani. Aliyewahi kuhifadhi mbegu za mahindi darini anajua.

#14 Mwana_wa_Eyasi

Salaam wadau. Mimi nimekulia Mang'ola kando ya ziwa Eyasi, nimekaa na Wahadzabe, wale wawindaji, tangu udogo, naomba niongeze la moto.

Wale hawatumii mvuke wala debe. Mti ukiwa na kona wanaupasha juu ya moto, wanaukunja kwa mguu au kwenye panda la mti, wanaushikilia mpaka upoe, wanaupasha tena. Mshale nao hivyohivyo: anaupitisha motoni, anauweka menoni, anaung'ata kidogo na kuuzungusha huku jicho moja limefumba, kila kona anaijua kwa jino. Nimewatazama wakifanya hivyo wanapiga soga, hawaangalii hata mikono yao.

Mti wao mkubwa wa upinde ni mutateko, wasomi wanauita Dombeya kirkii. Kano za shingo za mnyama ndizo upote, yaani kamba ya upinde. Vyuma vya mishale wanapata kwa wahunzi wa Kidatoga, zamani kwa kubadilishana na asali na nyama, na vingi siku hizi ni misumari iliyofuliwa. Na pinde zao ni ngumu. Watafiti waliozipima walipata wastani wa kilo 30 hivi za mvuto. Watalii wengi wakipewa wanafika nusu, wanacheka, wanarudisha.

Hoja yangu: moto mkavu unakausha na kukunja kwa wakati mmoja. Mvuke unakunja huku unaongeza maji. Ndiyo maana mkunjo wa moto unakaa.

#15 Selous_Kijana

Wahadzabe wako mkoa wa Manyara, Mang'ola si iko Arusha?

#16 Mwana_wa_Eyasi

Ndugu, ziwa Eyasi limegusa mikoa mingi. Wahadzabe wako Karatu ambayo ni Arusha, wako Mbulu ambayo ni Manyara, wako Mkalama huko Singida na Meatu huko Simiyu. Mpaka wa mkoa ulichorwa wao wakiwa tayari wapo.

#17 Tsavo_Mashariki (Voi)

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Nimekuwa nikisoma kimya lakini hapa lazima niingie. Mnaongea juu ya pinde kali na hamjawataja Waata, wale wengine huwaita Waliangulu! Hao ndio waliokuwa wakiangusha ndovu huku Tsavo kwa upinde, na pinde zao zilizidi ratili 100 za mvuto, yaani kilo 45 na zaidi. Mwanaume mgeni alikuwa hawezi hata kuutia upote.

Sasa swali langu kwa Fundi: hawa wote, Mhadzabe na Mwata, waliishi kwa upinde. Mbona hawakuhangaika na ncha za kukunja? Mimi naona ni kwa sababu ya sumu. Ukiwa na sumu ya mti wa mutsungu, ambayo ndani yake kuna uabaini inayosimamisha moyo, hujali kama mshale umekwenda kasi kiasi gani. Unajali uingie.

#18 Kipimo_Sahihi

Umejipinga kaka. Kama kasi haijalishi, ratili 100 za nini?

#19 Tsavo_Mashariki

Ngozi ya ndovu, bwana! Sumu lazima ivuke ngozi ifike kwenye damu. Kwa hiyo walihitaji mshale mzito na msukumo mzito. Ncha za kukunja zinasaidia mshale mwepesi uende mbali, hiyo ni kazi nyingine.

#20 Selous_Kijana

Naongezea onyo kwa vijana wanaosoma: hapa Tanzania kuwinda bila kibali ni kosa, hata kwa upinde.

#21 Tsavo_Mashariki

Na Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Waata walianza kukamatwa mapema zaidi, kwenye ile operesheni ya Tsavo ya kupambana na ujangili, miaka ya 1950. Wanaume wengi walifungwa na ufundi ukakatika hapohapo, kwa sababu kijana angejifunza kwa nani? Hilo linaniuma mpaka leo. Ndovu walistahili kulindwa. Lakini mtu angeweza kulinda ndovu bila kufuta fundi wa upinde.

#22 BintiMlandizi

Hapo #21 umesema kweli tupu.

#23 Nyuzi_na_Ncha (Minnesota)

Niko Marekani, huku tuna klabu ya pinde za mbao, kila Jumamosi tunachonga. Wacha niwaeleze ncha ya kukunja inafanya nini hasa, kwa sababu naona watu wanadhani ni urembo.

Upinde wa kawaida ukianza kuvuta ni mwepesi, mwishoni unakuwa mgumu ghafla. Ncha zikiwa zimekunjwa mbele, upote unalala juu yake, kwa hiyo mwanzo wa kuvuta tayari kuna uzito. Ukifika mwisho, ncha zinajifungua, pembe ya upote inabaki nzuri na uzito haupandi ghafla. Mvuto wa mwisho unaweza kuwa uleule, lakini nguvu iliyowekwa njiani ni nyingi zaidi. Gharama yake ni kwamba kila kosa la uchongaji linaonekana. Mkono wa upinde, yaani nusu yake kutoka kishikio hadi ncha, ukiwa umepinda upande kwa kiasi kidogo tu, upote unavutwa upande huo na ncha inajizungusha.

Na hili ndilo nalouliza Fundi: ncha ya juu imenyooka, au imejizungusha? Kwa macho vinafanana. Lala chali, angalia upinde kwa urefu kutoka kwenye kishikio, uone kama upote unapita katikati ya ncha.

#24 FundiTezo

Shukrani dada. Nimeangalia sasa hivi. Imenyooka, na pia upote umehama kama milimita 3 kwenda kushoto.

#25 Nyuzi_na_Ncha

Kaka kwa kweli, lakini shukrani imepokelewa 😀

Basi mambo ni mawili kwa pamoja. Upande wa kulia wa ncha umebaki mnene. Kwangua huo, kidogo sana.

#26 Kiboko_Ruvu

Akwangue ngapi? Kama upinde una ratili 45 na akipunguza unene nusu, anabaki na ratili 22 na nusu, si ndiyo?

#27 Kipimo_Sahihi

Hapana kabisa, usimpoteze mtu. Ugumu wa mti unafuata unene mara tatu, yaani unene zidisha unene zidisha unene. Ukipunguza unene nusu, ugumu unabaki sehemu moja ya nane. Ukipunguza asilimia 10 tu, unapoteza kama asilimia 27. Upana ndio unaokwenda sawa kwa sawa. Ndiyo maana fundi wa upinde anatumia chupa na msasa mwishoni, panga limeshawekwa mbali.

#28 MzeeWaMbao

Na msasa wa kweli ni jani. Mti wa msasa jani lake linakwangua mbao polepole kuliko karatasi ya dukani, halileti joto. Zamani seremala alikuwa nalo mfukoni.

#29 Nungwi_Jahazi

Assalaam alaykum. Mimi si mtu wa pinde, ni mtu wa majahazi, lakini nimesoma uzi wote na naona mnabishana na mti bure.

Sisi kwenye chombo tuna mataruma, zile mbavu za ndani. Kila taruma limepinda. Fundi wa jahazi halikunji kwa mvuke. Anakwenda msituni kutafuta tawi lililokwishapinda lenyewe, anaweka macho kwenye panda, anakata hapo. Nyuzi za mti zimefuata mpindo tangu mti ulipokuwa mdogo, kwa hiyo hazina kwa kurudi. Mti uliokunjwa kwa mvuke unakumbuka ulikotoka. Fundi atafute mche wenye kilele kilichopinda, achonge upinde akiufuata.

#30 Kiboko_Ruvu

Wa alaykum salaam. Atapata wapi mche uliopinda sawasawa pande zote mbili?

#31 Nungwi_Jahazi

Aupasue katikati kwa urefu. Vipande viwili pacha, mpindo mmoja. Aviunge kwenye kishikio.

#32 Nyuzi_na_Ncha

Hiyo inafanyika kweli, huku tunaunga vipande pacha kwa kukata mkia wa samaki na gundi. Ila Fundi amesema hataki gundi.

#33 FundiTezo

Sitaki gundi kwa upinde huu. Kwa ule unaofuata, maneno ya Nungwi yamenikaa. Njia ya Mlandizi kuna mikole imeinamia korongo.

#34 BintiMlandizi

Usiiguse iliyo karibu na makaburi. Hapo sitanii.

#35 Mwana_wa_Eyasi

Mbona hoja ya moto imerukwa? Fundi, ncha hiyo iliyonyooka ipashe juu ya makaa, usitumie mvuke, upande wa tumbo uangalie moto. Paka mafuta kidogo. Subiri tumbo lipate rangi ya chai ya rangi, usiunguze. Mgongo uguse kwa kiganja, ukishindwa kushika, umezidisha. Kisha bana kwenye kalibu na usiuguse siku kadhaa, upate tena unyevu wa hewa. Ukiuvuta siku hiyohiyo ukiwa umekauka mno, unapasuka.

#36 MzeeWaMbao

Hilo la mwisho shikeni wote. Wengi wanavunja upinde siku ya kwanza kwa haraka ya kuujaribu.

#37 Selous_Kijana

Swali la pembeni: kwenye Olimpiki wanatumia huu wa ncha za kukunja au ule wenye magurudumu?

#38 Kiboko_Ruvu

Wa magurudumu, nimeona kwenye televisheni.

#39 Kipimo_Sahihi

Uliona Paralimpiki au kombe la dunia. Olimpiki tangu mchezo uliporudi mwaka 1972 ni wa ncha za kukunja peke yake, na siku hizi umbali ni mita 70. Wa magurudumu umekubaliwa kuingia Los Angeles 2028, kwa timu ya mwanamume na mwanamke.

#40 Tsavo_Mashariki

Na kabla watu hawajasema pinde ni mambo ya wazungu: Wamisri wa kale waliiita Nubia Ta-Seti, Nchi ya Upinde. Jeshi la Waarabu lilipofika huko mwaka 642, na tena 652 mbele ya Dongola, lilipata hasara kubwa machoni, kwa hiyo Wanubi wakaitwa wapiga mboni. Vita viliishia kwenye mkataba.

#41 Selous_Kijana

Hao walikuwa na ncha za kukunja basi.

#42 Tsavo_Mashariki

Pinde za Wanubi zinazojulikana ni ndefu za mti mmoja. Zile za kuunganisha pembe na kano zilikuwa Misri. Kwenye kaburi la Tutankhamun lililofunguliwa 1922 zilikutwa za aina zote mbili, za kuunganisha na za mti mmoja. Hata mfalme aliyekuwa na uwezo wa kupata za gharama hakuacha upinde wa mti.

#43 Katani_Tanga

Nimechelewa. Hakuna aliyemuuliza Fundi habari ya upote! Umetumia nini, na unaufungua baada ya kutumia?

#44 FundiTezo

Uzi wa nailoni wa nyavu, nimesokota nyuzi tatu. Kuufungua si kila mara, watoto wa jirani wanakuja jioni kupiga shabaha kwenye gunia la makapi.

#45 Katani_Tanga

Basi mimi nawapinga wote, mzee, Dodoma na Eyasi. Upinde ukikaa na upote siku nzima ncha zinavutwa siku nzima. Mti unachoka unapobanwa muda mrefu, na mti mchanga wa kileleni unachoka kwanza. Nailoni nayo inanyumbuka, unapoachia mshale inarudi na kupiga ncha. Jaribu katani iliyosokotwa vizuri na kupakwa nta ya nyuki. Haivutiki.

#46 Nyuzi_na_Ncha

Katani haivutiki, kweli, lakini upote usionyumbuka hata kidogo ndio unaopasua ncha za mbao. Huku kwa upinde wa mti tunachagua dakroni, uzi wa poliesta, kwa sababu inatoa kidogo. Nailoni inatoa mno. Kwa katani, aweke kipande cha pembe au mpingo pale upote unapokaa, la sivyo utakata mti.

#47 Katani_Tanga

Babu zetu walitumia ngozi na kano bila dakroni.

#48 Nyuzi_na_Ncha

Kano inanyumbuka kidogo, ndiyo hoja yangu hiyo hiyo.

#49 MzeeWaMbao

Wote mnazunguka palepale. Kileleni mti mchanga. Ukikauka, ni mchanga. Ukifungua upote, ni mchanga. Mche ujao kata karibu na shina, kilele ukiache, ili pande zote mbili zipate mti mkomavu, uone kama nimesema uongo.

#50 Kipimo_Sahihi

Mzee, nakuheshimu, ila tupime. Fundi, ugeuze upinde huohuo jikoni, ya juu iwe chini kwa moto, na usiutie upote kabisa. Ukirudi wenyewe, ni hewa. Ukibaki ulivyo, ni ya mzee.

#51 Mwana_wa_Eyasi

Akigeuza jikoni ataupasha moto bila kujua, kwa hiyo ukirudi itakuwa ni yangu.

#52 FundiTezo

Nimeugeuza leo, upote nimeuvua, nimechora mstari wa penseli ukutani kwenye kivuli cha ncha. Upande wa kulia nimekwangua kama alivyosema Minnesota, upote umerudi katikati. Jumapili nakwenda korongoni kutazama mikole iliyoinama.

#53 Nyuzi_na_Ncha

Kabla hujakata, swali kwa wote. Huku mti unaosifiwa kuliko yote kwa pinde ni Maclura pomifera, wa njano, mgumu, una miiba. Una ndugu yake huko Afrika Mashariki, Maclura africana, nao una miiba. Kuna aliyewahi kuukata na kuuchonga?

#54 Tsavo_Mashariki

Huku Voi miiba ni mingi, nitawauliza wazee kama wanaujua. Tuma picha ya jani na ya gome.